Wiki za fildi hazitoshi kumfanya mtu mteknolojia wa maabara

Mgonjwa mmoja figo zimeshindwa kazi, potasiamu yake ni 7.8, kiwango cha hatari. Mwingine figo zake ni nzima, lakini damu yake ilianza kuwekwa kwenye chupa ya kofia ya zambarau, kisha mtu akaona amekosea, akaimimina kwenye chupa nyekundu. Naye potasiamu yake inasoma 7.8. Tarakimu ni zilezile, fomu ni ileile, na daktari wodini hana namna ya kuzitofautisha kwa kutazama karatasi. Chupa ya zambarau ina EDTA, kemikali ya kuzuia damu kuganda, yenye chumvi ya potasiamu. Ndiyo iliyopandisha jibu. Wakati huohuo EDTA imeikamata kalsiamu ya damu, kwa hiyo kalsiamu nayo imeshuka kiasi ambacho mtu aliyekuja kwa miguu hawezi kuwa nacho. Aliye maabara akiona potasiamu juu na kalsiamu chini kwa pamoja anapaswa kusimama hapohapo na kuuliza damu ilichukuliwaje.

Je, vyuo vyetu vinamfundisha mwanafunzi kusimama hapo? Hatua za vipimo wanafunzi wengi wanazijua, tena kwa mpangilio. Kisichofanyika vya kutosha ni kuwapa sampuli yenye jibu lililofichwa ili usahihi wao upimwe, na kuwapa sampuli mbovu kwa makusudi ili ionekane kama wataikataa.

Stashahada ya Sayansi za Maabara za Afya hapa Tanzania inapitia ngazi za NTA (tuzo za kiufundi za taifa) 4, 5 na 6, chini ya utaratibu wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, na Wizara ya Afya. Katikati kuna vipindi vya darasani, maabara ya chuo, na wiki za mafunzo kwa vitendo hospitalini, ambazo kila mtu anaziita fildi. Mhitimu anasajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, lililowekwa na sheria ya mwaka 2007. Kwenye karatasi mfumo huu hauna kasoro kubwa. Shida iko kwenye kinachohesabiwa. Fildi inahesabiwa kwa wiki na kwa sahihi za msimamizi kwenye kitabu cha mazoezi. Kitabu kikionyesha kwamba mwanafunzi "amefanya malaria" kwa wiki tatu, hakuna mahali panapoonyesha ni slaidi ngapi alizosoma peke yake, na ngapi alizipatia.

Maabara za hospitali zenyewe zilishatoka huko. Tangu ofisi ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilipozindua mjini Kigali, mwaka 2009, mpango wa kuzipandisha maabara hatua kwa hatua kwa nyota kuelekea ithibati, maabara zimezoea kupokea sampuli kutoka nje ambazo majibu yake hazijui, kuzipima, kurudisha majibu na kupewa alama. Maabara inapimwa hivyo, lakini kijana anayekwenda kuajiriwa ndani yake mara nyingi hajapimwa hivyo.

Slaidi ya malaria inaonyesha tatizo hili kuliko kipimo kingine chochote, maana walio nje ya fani wanadhani ni kazi nyepesi. Tone nene linataka mikrolita 6 hivi za damu, zitandazwe kwa kona ya slaidi nyingine mpaka zifanye duara la milimita 12. Tone jembamba, kwenye slaidi hiyohiyo, linataka mikrolita 2, zisukumwe kwa slaidi iliyoinamishwa nyuzi 45, kwa mwendo mmoja usiokatika. Damu ikizidi kwenye tone nene, tone linapasukapasuka likikauka na kubanduka wakati wa kuosha, na vimelea vinaishia kwenye sinki. Ikipungua, umepoteza faida yenyewe ya tone nene, ambayo ni kutazama damu nyingi mahali padogo. Kuna kipimo cha zamani cha unene unaofaa: laza slaidi juu ya gazeti damu ikiwa bado mbichi, maandishi yasomeke, lakini kwa shida.

Kisha inakuja methanoli, na hapa ndipo kazi nyingi za wanafunzi zinapoharibika. Tone jembamba lazima liguse methanoli ili chembe nyekundu zibaki na umbo lake. Tone nene halitakiwi kuguswa nayo, hata kwa mvuke, kwa sababu chembe zake nyekundu zinapaswa kupasuka ndani ya maji ya rangi ili vimelea vibaki wazi. Mwanafunzi mwenye haraka anachovya slaidi nzima, au anaiacha ikauke ikiwa imelala, methanoli inatambaa mpaka upande wa pili, na tone nene linabaki na rangi ya kutu isiyopenyeka kwa jicho. Hilo ni kosa la sekunde mbili. Mgonjwa aliyetoa damu hiyo anaweza kuandikiwa "hakuna vimelea" na kurudi nyumbani na malaria yake.

Rangi ya Giemsa ya asilimia 3 ni mililita 3 za rangi mama kwa mililita 97 za maji ya bafa, na slaidi inakaa humo dakika 45 hadi 60. Ya asilimia 10, mililita 1 kwa 9, inakaa dakika 10 hadi 15, nayo inafaa pale mgonjwa anaposubiri jibu. Maji yawe na pH ya 7.2. Yakiwa na asidi zaidi, slaidi inageuka waridi na kiini cha kimelea kinapotelea humo. Yakiwa na alkali zaidi, kila kitu kinakuwa bluu. Rangi iliyochanganywa asubuhi haifai kutumika kesho yake. Na tone moja tu la maji likiingia kwenye chupa ya rangi mama, chupa nzima imeanza safari ya kuharibika. Ndiyo maana pipeti iliyolowa haiingizwi humo hata kama kuna foleni. Rangi iliyoharibika hutoa chembechembe nyeusi na za zambarau ambazo jicho changa linaziita vimelea, na mtu asiye na malaria anameza dawa.

Baada ya yote hayo ndipo kusoma kunaanza. Nyanja 100 za tone nene, yaani maeneo yanayoonekana kwa hadubini moja baada ya jingine, kwa lenzi ya mafuta zipitiwe kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea. Vikiwepo, vinahesabiwa sambamba na chembe nyeupe: ukifika chembe nyeupe 200 na vimelea vimefika 100 au zaidi, unasimama, vikiwa pungufu, unaendelea hadi chembe nyeupe 500. Idadi inazidishwa kwa 8,000, makadirio ya chembe nyeupe katika mikrolita moja ya damu, na kugawanywa kwa chembe nyeupe ulizohesabu. Vimelea 120 kwa chembe nyeupe 200 ni 4,800 kwa mikrolita. Hesabu ni ya shule ya msingi. Kazi ni kuketi na kuhesabu kweli, badala ya kutazama nyanja tano na kuandika misalaba miwili (++).

Sasa linganisha na mtihani wa vitendo ulivyo katika vyuo vingi. Mtahiniwa anapita stesheni kwa stesheni. Kwenye stesheni ya malaria hadubini imeshalengwa, lenzi imeshashuka, na mshale mdogo ndani ya lenzi unaelekea kwenye kimelea. Swali: kitambue. Mwalimu ndiye aliyekitafuta, mwalimu ndiye aliyetia rangi, mwalimu ndiye aliyechagua uwanja mzuri. Mtahiniwa amebaki na kazi ya kukumbuka jina. Shirika la Afya Duniani likimpima msomaji wa slaidi za malaria kwa daraja la juu, linamtaka apatie asilimia 90 ya slaidi katika kusema vimelea vipo au havipo, asilimia 90 katika kutaja aina, na hesabu yake isitofautiane na ya kweli kwa zaidi ya asilimia 25 katika angalau nusu ya slaidi za kuhesabu. Vigezo hivyo vipo, viko wazi, na havihitaji kamati ya kuvibuni upya. Hakuna sababu ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kutopimwa navyo.

Kuna jambo jingine lililobadilika bila mitaala kulifikiria vya kutosha. mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, imechukua nafasi ya slaidi katika zahanati na vituo vingi vya afya. Ni kipimo kizuri: mikrolita 5 za damu, matone ya bafa, dakika 15 au 20 kulingana na maelekezo ya mtengenezaji, jibu limetoka. Kwa huduma ya vijijini ni neema. Kwa mafunzo, kimemnyima mwanafunzi slaidi. Anapelekwa fildi kwenye kituo ambako wagonjwa wengi wa homa wanapimwa kwa mRDT, anarudi na kitabu kilichojaa sahihi na jicho ambalo halijazoea. Kisha anaajiriwa hospitali ya wilaya, analetewa mtoto aliyemaliza dozi ya malaria wiki iliyopita na homa imerudi. Hapo mRDT haisaidii sana, kwa sababu HRP2, protini ya kimelea inayotafutwa na mRDT nyingi, hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Anayehitajika ni msomaji wa slaidi. Kaskazini yetu, Eritrea na Ethiopia, wamekumbana na vimelea visivyotengeneza protini hiyo kabisa, ambavyo mRDT ya aina hiyo inavipita bila kuviona. Stadi ya hadubini haijapitwa na wakati.

Kwenye sampuli, makosa mengi hutokea kabla chupa haijafika maabara. Mpira wa kufungia mkono ukikaa zaidi ya dakika moja, damu inajikusanya na majibu ya protini na kalsiamu yanapanda. Chupa ya kofia ya bluu ya vipimo vya kuganda lazima ijae mpaka alama, sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitreti, ambayo nayo huzuia damu kuganda. Ikijaa nusu, mgonjwa ataonekana damu yake inachelewa kuganda. Chupa nyekundu inatangulia ya zambarau, si kinyume, kwa sababu ileile ya potasiamu. Ya zambarau inageuzwa taratibu mara 8 hadi 10. Isipogeuzwa inaganda, ikitikiswa kwa nguvu chembe zinapasuka. Jina linaandikwa kitandani kwa mgonjwa, damu ikishaingia kwenye chupa na kabla mtoaji hajaondoka hapo. Chupa mbili zisizo na majina zilizosafiri kwenye mfuko mmoja wa koti, moja ikiwa ya kuomba damu ya kuongezewa, zinaweza kumuua mtu.

Haya yote yamo kwenye notisi. Kisichomo ni namna ya kukataa. Mwanafunzi au mhitimu mpya ndiye mdogo kuliko wote jengoni, na anayeleta sampuli mbovu kwa kawaida ni mkubwa kwake, ana haraka, na mgonjwa kweli yuko hoi. Kumwambia kijana "kataa sampuli zisizofaa" bila kumpa maneno ya kusema ni kumtupa. Afundishwe kupiga simu wodini, tuseme kuhusu chupa ya FBP, kipimo cha hesabu kamili ya chembe za damu, na kusema: "Sista, chupa ya FBP ya mgonjwa wa kitanda cha 12 imeganda. Naomba tuchukue nyingine sasa hivi, igeuzwe mara nane. Ikifika tu naipima." Kisha aandike kwenye rejista ya sampuli zilizokataliwa: saa, sababu, aliyeambiwa. Afanye hivyo chuoni mbele ya mwalimu anayeigiza daktari mwenye hasira, apewe alama. Kwenye trei ya mtihani ya sampuli kumi, tatu ziwe mbovu: moja imeganda, moja haina jina, moja majimaji yake yamegeuka mekundu kwa chembe kupasuka. Anayezipima zote kumi amefeli, hata kama mikono yake ni mizuri.

Mashine nazo zimeleta uvivu wake. Mashine ya FBP inameza damu na kutoa karatasi ndani ya dakika moja, na mafunzo yanaelekea kuishia kwenye vitufe. Mashine haijui inachokiona. Kuna watu ambao chembe sahani zao, zile zinazosaidia damu kuganda, hushikamana zikikutana na EDTA. Mashine inaona mabonge, inaandika chembe sahani 40,000, na daktari anaanza kuogopa mgonjwa atavuja damu. Dawa yake ni kutazama tone jembamba, kuona mabonge kwenye ukingo, kuchukua damu tena kwenye chupa ya sitreti, na kuzidisha jibu kwa 1.1 kufidia maji ya sitreti. Nchi yenye wagonjwa wengi wa selimundu kama yetu inakutana pia na chembe nyekundu changa zenye kiini, ambazo mashine nyingi ndogo zinazihesabu kama chembe nyeupe. Mashine ikisema chembe nyeupe ni 30,000, na kwenye slaidi ukaona chembe nyekundu zenye kiini 50 kwa kila chembe nyeupe 100, hesabu ya kweli ni 30,000 mara 100 gawanya kwa 150, yaani 20,000. Na kuna ukaguzi wa haraka usiohitaji hata slaidi: himoglobini mara tatu ikaribie hematokriti, yaani asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu. Himoglobini 12 na hematokriti 24 kwenye karatasi moja haiendi mbali kabla hujarudia.

Udhibiti ubora wa kila siku nitaupita haraka, maana vyuo vinaufundisha. Chati ya Levey-Jennings, inayofuatilia majibu ya sampuli ya udhibiti ambayo jibu lake linajulikana, wanafunzi wanaichora vizuri, wastani na mikengeuko sanifu juu na chini. Wachache wanaulizwa swali lenye maana: sampuli ya udhibiti imetoka nje ya mikengeuko mitatu, wagonjwa 25 wanasubiri; unafanya nini? Jibu linalosikika mara nyingi ni kurudia sampuli ya udhibiti mpaka ikubali. Hilo ni kosa, na lipewe sifuri.

Kisha kuna vipimo ambavyo tatizo lake si mkono bali kichwa. Widal ya kwenye slaidi, kipimo cha homa ya matumbo (taifodi), ndiyo iliyozaa "malaria na taifodi" ya mitaani, ile ambayo nusu ya mtaa imeambiwa inayo. Kipimo hicho kinatafuta kinga, na mtu anaweza kuwa nayo kwa maambukizi ya zamani, kwa chanjo, au kwa bakteria wengine wanaofanana. Jibu moja la Widal halithibitishi homa ya matumbo. Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha damu. Vivyo hivyo mkojo uliokaa juu ya meza kwa muda wa saa nne kwenye joto la Dar es Salaam: bakteria wameongezeka, chembe zimeyeyuka, na mtu anaandikiwa "UTI", maambukizi ya njia ya mkojo. Mkojo upimwe ndani ya saa mbili au uwekwe kwenye friji. Chuo kinachofundisha jinsi ya kufanya Widal na kutofundisha jibu lake lina uzito gani kinaongezea nchi mauzo ya antibayotiki.

Nini kifanyike? Cha kwanza ni benki ya slaidi katika kila chuo, au moja kwa vyuo vya kanda moja. Kwa kibali cha maadili na ridhaa ya mgonjwa, kabla hajameza dozi, zinachukuliwa mililita 2 za damu kwenye EDTA, na slaidi zinatengenezwa mapema, ndani ya saa moja hivi, kabla vimelea havijabadilika umbo. Kila slaidi inatumia mikrolita 8 kwa matone yote mawili. Kwa hesabu mililita 2 zinatosha slaidi 250, na hata zikiharibika theluthi bado ni nyingi. Zinasomwa na wasomaji wawili wasioambiana, majibu yanathibitishwa, zinafunikwa kwa kioo chembamba na gundi ya DPX, na zinadumu miaka. Ziwepo hasi nyingi pia, na zenye vimelea haba, maana hizo ndizo zinazotenganisha wasomaji. Gharama kubwa hapa ni muda wa watu, si vitendanishi.

Cha pili ni kubadilisha kitabu cha mazoezi kutoka wiki kwenda idadi iliyohakikiwa. Mapendekezo yangu: slaidi 200 za malaria zenye jibu lililofichwa, 100 za makohozi, damu 50 zilizochukuliwa mbele ya msimamizi, makundi ya damu 50 kwa njia mbili, chembe nyekundu na seramu. Mwenye kupinga idadi hizi alete zake, lakini alete idadi.

Cha tatu kitawaudhi wengine: walimu na wasimamizi wa fildi wapimwe kwa slaidi hizohizo kila mwaka. Mwalimu ambaye hajakaa kwenye meza ya hadubini kwa muda mrefu anafundisha kumbukumbu. Na ukaguzi wa vyuo usihesabu hadubini zilizo kabatini. Uhesabu zenye lenzi za mara 40 na mara 100 zinazoona. Ya mara 40 ndiyo inayokufa kwanza, kwa sababu mwanafunzi akimaliza kusoma kwa mafuta anairudisha juu ya slaidi ambayo hajaifuta.

Kabla ya fildi kila mwanafunzi awe amekamilisha chanjo ya homa ya ini B, miezi 0, 1 na 6, ambayo maana yake ianze mwaka wa kwanza mapema, siyo wiki moja kabla ya kuondoka. Na matokeo ya upimaji wa usahihi yaambatane na cheti: ugunduzi asilimia kadhaa, aina asilimia kadhaa, sampuli mbovu alizozikataa ngapi kati ya ngapi. Mkuu wa maabara anayempokea mhitimu Jumatatu asubuhi atajua amweke meza ipi bila msimamizi, na ipi amsimamie kwa miezi mitatu ya kwanza.